Akili ya Mwaloni

Mwaloni Katonga, Kigoma, mama anayeanika dagaa hana kipimo. Anaokota mmoja, anamvunja kati ya vidole, anasikiliza. Akikatika kwa mlio mkavu, anaanza kuzoa. Akipinda, anageuza mzigo na kuangalia wingu. Muulize kajuaje, atakuonyesha vidole.

Makala hii inatetea jambo moja: ujuzi huo haumo kichwani mwake peke yake. Umo vidoleni, umo juani, umo mchangani. Mwanafalsafa René Descartes alitenganisha akili na mwili katika kitabu chake cha mwaka 1641, na mtengano huo ungali unatawala madarasa yetu: mwenye akili ni anayetulia akakariri, na aliyekulia mtumbwini tunasema hakusoma. Mwaka 1998 wanafalsafa Andy Clark na David Chalmers walidai kuwa daftari la mtu msahaulifu laweza kuwa sehemu ya akili yake. Hapa Kigoma tungetaja taa ya mvuvi. Dagaa hufuata mwanga wake gizani. Mbalamwezi ikiwaka, taa hupoteza nguvu na mitumbwi hupumzika. Mvuvi hana haja ya kukariri ratiba hiyo. Iko angani.

Gombe, kaskazini mwa mji wetu, mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall alimwona sokwe mtu aliyemwita David Greybeard akichomeka bua la nyasi kichuguuni na kuvua mchwa. Dunia ilishangaa kwamba mnyama anatumia zana. Mimi nashangazwa zaidi na hili: ondoa kichuguu, ufundi ule utabaki wapi?

Swali hilo ni letu pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yanapata joto, hivyo hayachanganyiki vizuri na maji ya vilindini yenye virutubisho. Dalili alizozizoea mvuvi zikiacha kusema kweli, hapotezi samaki tu. Amepunguziwa akili, na hakuna semina ya siku mbili itakayomrudishia.

Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Lengo hilo tunaliunga mkono kwa moyo wote. Tunachodai ni kwamba usitishaji mwingine ukipangwa, wavuvi na waanikaji waitwe kama wajuzi, na kikao kifanyike mwaloni, mitumbwi ikiwa kazini, siyo katika ukumbi wa hoteli.