Nani Anaanua Kwenu?

Upepo wa kusi umekolea. Kama unaishi pwani, iwe Dar, Tanga au Unguja, huna haja ya kuambiwa. Ukifungua dirisha tu pazia linakupiga usoni. Kila mwaka unatukuta kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na Juni na Julai ndipo unapotamba hasa. Wenzetu wa Makambako na Singida watatucheka, maana kwao upepo si habari. Lakini nao wanafua, na nguo zao zinaruka kama zetu.

Najua unajiuliza, safu ya mahusiano na kamba ya nguo wapi na wapi? Subiri kidogo.

Kiswahili kina kuanika na kina kuanua. Ukiniuliza mimi, ugomvi mwingi wa nguo kwenye nyumba za vijana umekaa katikati ya maneno hayo mawili. Jumamosi asubuhi kaka kajitolea kufua (hongera zake), kaanika, kajiona mume wa kisasa, halafu huyo, kaenda kuangalia mpira. Dada yuko saluni tangu saa nne. Ikifika saa nane mchana nguo zimekauka kitambo na shati la ofisini liko juu ya bati la jirani. Jioni wanarudi, kila mmoja ana haki yake. “Mimi nilifua.” “Na mimi nani aliniambia niangalie?” Wote wanasema kweli, na ndiyo maana ugomvi hauishi.

Nguo mbichi hairuki ovyo. Shuka likitoka kwenye beseni ni zito, linatulia. Kasheshe inaanza likikauka na kuwa jepesi. Sasa huku pwani, mchana nchi kavu inapata joto kuliko bahari, hewa ya baharini inaingia kwa nguvu, na upepo unazidi. Yaani saa nguo inapokuwa nyepesi ndiyo hiyo hiyo upepo unapokuwa mkali. Na usiudharau: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye nguo unakuwa mara nne. Kwa hiyo anikeni mapema, saa moja asubuhi ikiwezekana, na saa sita mtu awe amesimama pale kwenye kamba. Mtu gani? Hapo ndipo mazungumzo yanapotakiwa.

Kuna jamaa zangu, mke na mume, wote wafanyakazi, wanakaa fleti ghorofa ya tatu. Siku moja gauni la kulalia la mke likapeperuka, likatua balkoni ya chini, kwa kijana anayeishi peke yake. Kijana muungwana wa watu. Akalikunja vizuri, akalitia kwenye mfuko, jioni akapanda kugonga mlango. Aliyefungua ni mume! Wiki mbili nyumba ile haikukalika. “Amejuaje kuwa ni lako?” Swali hilo moja lilijibiwa mara kumi, na kila jibu lilizaa swali jingine. Nilipoitwa kusuluhisha, nikaomba kwanza nione kamba. Wenzenu wana televisheni inayojaza ukuta, ila kwenye nyumba nzima hakukuwa na kibanio hata kimoja.

Nunueni vibanio, jamani. Bei yake ni ndogo tu. Vya plastiki vikikaa juani miezi kadhaa vinakauka na kukatika, kwa hiyo visiachwe kambani. Vya mbao vinang'ata vizuri, ila angalieni ile springi: ikishika kutu itaacha doa kwenye shati jeupe. Shuka ukilikunja katikati na kuliacha pande zote mbili wazi, unaufungulia upepo mfuko. Pitisha robo tu upande wa pili wa kamba, kisha bana kona zote na katikati. Kanga nayo ni tanga kabisa, karibu mita moja na nusu ya kitambaa. Vibanio viwili havitoshi. Suruali ibanwe kiunoni, miguu ining'inie. Shati likiwa kwenye hanga, funga vifungo na ubane ile ndoano yake, la sivyo vinaondoka vyote viwili.

Kamba yenyewe ivutwe ikaze. Ikilegea, nguo zote zinakimbilia katikati na kusongamana. Kama huna vibanio leo, sokota kamba mbili pamoja na upenyeze ncha ya nguo katikati yake. Bibi zetu walijua hilo.

Turudi kwenu wawili. Sipendi ule mtindo wa kusema “atakayekuwepo ataanua”, kwa sababu atakayekuwepo huwa ni dada wa kazi, naye ana mtoto mgongoni na chungu jikoni. Halafu nguo ikipotea anakatwa mshahara. Si haki hata kidogo. Afadhali kabla ya kuloweka muulizane: leo nani atakuwa nyumbani saa sita? Kama hakuna, anikeni ndani, au mfue siku nyingine. Meseji ya “mpenzi, umeanua?” saa saba mchana ina mapenzi kuliko ile ya “umekula?”, maana hii ya pili tumeshaizoea.

Na iliyoanguka chini msiikung'ute mchanga tu na kuivaa. Kuna inzi anayependa kutaga mayai kwenye mchanga mchafu na kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi na kuleta jipu. Ifueni tena, ikaukе kabisa, halafu pasi ya moto ipite kila mahali, kwenye mishono na kwenye lastiki. Hata chupi. Ndiyo, hata chupi.