Behewa Lako, Reli ya Wenzio

Kwangu mimi wiki hii kumechafuka. Shemeji yenu mtarajiwa kaninunia, simu hapokei, na ukichunguza chanzo cha kasheshe lote utakuta ni treni. Ndiyo, treni! Usicheke kwanza, vuta kigoda nikupashe.

Nilikuwa na milioni nne na nusu. Nimezidunduliza miaka mitatu, kwa makala hizi unazosoma na vibarua vingine ambavyo si vya kutajwa gazetini. Jamaa mmoja wa Tabata akanionyesha kigari chake, kimechoka kidogo lakini rangi bado inawaka. Shemeji yenu alikizimia palepale. Na mimi nikaanza kujiona nashusha kioo taratibu mbele ya washkaji wa kijiweni. Mambo ya kuuza sura, si unanielewa?

Kabla ya kutoa mshiko nikaenda Yombo kumwamkia mjomba na kumpa habari njema. Mjomba wangu huyu alikula ujana wake kwenye treni, akitandika vitanda na kuwagongea abiria alfajiri kuwa kituo kinakaribia.

"Mjomba," nikamwambia, "sasa nataka usafiri wangu mwenyewe, nisimtegemee mtu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mjomba," naye akanijibu (sisi huitana hivyo hivyo), "mimi nimewahi kuona treni nzima ya mtu binafsi. Na bado ilikuwa inasubiri njia, kama sisi tu."

Nikadhani uzee umeanza kumchanganya. Treni ya mtu binafsi? Basi bwana, nikaenda kuchimba. Na nilichokikuta ndicho kilichoniponza.

Kumbe Marekani wapo watu wenye behewa lao, kama wewe ulivyo na baiskeli yako! Mambo haya yalianza kunoga enzi za George Pullman, ambaye mwaka 1867 alianzisha kampuni ya kutengeneza mabehewa ya kifahari. Vigogo wa reli na mabenki wakajengewa nyumba za magurudumu: vyumba vya kulala, meza ya chakula, jiko, na kibaraza nyuma cha kusimama ukiwapungia mkono walalahoi.

Hata sisi waandishi wa safu tulikuwa na mwakilishi. Lucius Beebe, aliyefariki mwaka 1966, aliandika safu kwenye gazeti moja kubwa la New York. Yeye na mwenzake Charles Clegg walikuwa na mabehewa mawili. La pili, lililoitwa Virginia City, lilikuwa na sehemu ya kuotea moto ya marumaru na chumba cha kuogea mvuke. Mwandishi wa safu! Nilipomsimulia mhariri wangu akanitazama bila kupepesa, akaniuliza makala iko wapi. Tofauti yangu na Beebe ni ndogo tu: kwao zilikuwepo kabla hajashika kalamu.

Haya, mabehewa ya namna hiyo yapo mpaka leo, mengi yakiwa na umri wa babu yako, na wenyewe wana chama chao. Lakini sikiliza sasa utamu unapogeuka shubiri. Mwenye behewa hana kichwa cha treni, wala reli si yake. Tangu Mei 1, 1971, treni nyingi za abiria za masafa marefu kule ziko chini ya shirika la Amtrak. Kwa hiyo tajiri wetu anaomba, anapangiwa siku, behewa lake linafungwa kwenye treni ya abiria wa kawaida, linavutwa.

Na havutwi mtu bure. Analipa kwa kila maili. Analipa kufungwa na kufunguliwa. Analipa kuegesha. Akitaka kuondolewa maji machafu ya chooni, analipa pia. Kabla ya hapo behewa lazima likaguliwe kila mwaka, breki, magurudumu na kila kitu, na nyaya zake zikubali umeme wa volti 480 unaotoka kwenye kichwa. Behewa la mwaka 1950 halikuzaliwa na nyaya hizo, kwa hiyo ni kulifumua upya. Bima juu yake. Yaani bei ya kununua ni mahari tu, ndoa yenyewe bado!

Halafu mwenye reli akiamka vibaya? Mwaka 2018 Amtrak ilipunguza sana treni za kukodi, kisha ikatoa masharti mapya: mabehewa binafsi yafungwe na kufunguliwa kwenye vituo vichache tu, kule ambako treni inasimama muda wa kutosha. Mtu aliyezoea kuondokea mji wake akajikuta behewa analo, linang'aa, na pa kwenda hana. Noma hiyo.

Na hapo sijamtaja anayetandika kitanda. Pullman aliwaajiri Waamerika weusi, wengi wa kwanza wao wakiwa wametoka utumwani juzi tu, kuwa wahudumu wa mabehewa. Abiria wazungu hawakuhangaika kuuliza majina. Wengi waliwaita "George", jina la bwana mwenye kampuni, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la mwenyewe. Walisugua viatu, wakakesha, wakaishi kwa bakshishi. Mwaka 1925 wakaanzisha chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph, na ikawachukua mpaka mwaka 1937 kampuni kukubali kutia saini mkataba nao. Miaka 12 ya kudai mshahara na heshima, ili mtu mwingine aseme anasafiri kivyake!

Nilipomsomea mjomba kipande hicho alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia, "Mimi niliitwa 'wee kijana' mpaka nilipoota mvi." Hakuongeza neno, akaomba chai.

Treni aliyoiona mjomba nayo si uzushi. Rohan Vos wa Afrika Kusini alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari. Miaka ya 1980 akanunua mabehewa makuukuu, ayakarabati atembee na familia yake. Alipopigiwa hesabu ya kuvutwa, mambo yakawa mazito, wazo likaja auze tiketi. Mwaka 1989 ikaanza safari treni ya Rovos, jina lililotokana na lake mwenyewe, na mwaka 1993 ikaingia Dar es Salaam kwa mara ya kwanza kutoka Cape Town. Ndani kuna vyumba vyenye mpaka sinia la kuogea, lile la kujilaza. Kwa hiyo hata yule aliyetaka kutembea na mkewe na watoto wake tu aliishia kuwabeba wageni ili gharama zilipike.

Tena inafika kwa njia ya TAZARA tu, kwa sababu reli hiyo ina upana wa milimita 1,067 sawa na ya Afrika Kusini. Reli yetu ya zamani ya kwenda Kigoma ina milimita 1,000. Milimita 67, hazifiki hata vidole vinne! Lakini uwe na dhahabu kwenye mabomba ya bafuni, Kigoma huendi. SGR nayo, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina milimita 1,435. Magurudumu hayajui cheo cha mtu.

Nikarudi nyumbani, nikachukua kalamu. Nikakipigia hesabu kigari cha Tabata kama wanavyolipigia behewa. Petroli. Bima. Matairi manne yaliyobaki upara. Fundi, ambaye kwa gari la umri ule ni mwanafamilia. Maegesho mjini. Mlinzi wa usiku, maana uani kwetu hakuna geti. Nikaona badala ya kutomtegemea mtu ninajiongezea watu sita wa kuwategemea, na wote wanataka chao. Nikampigia shemeji yenu kwa kujiamini kama profesa: mpango umekufa. Nikamweleza habari za Wamarekani mwanzo mwisho. Akakata simu kwenye volti 480.

Siku mbili kimya. Ya tatu akaja mwenyewe, hajala, na karatasi yangu ya hesabu akaiomba. Akaisoma yote, akairudisha mezani.

"Natoka kazini saa nne usiku," akasema. "Kila siku napanda bodaboda ya mtu nisiyemjua, napita pale kwenye giza. Ile hofu yangu umeiandika mstari wa ngapi?"

Msomaji wangu, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehesabu kila kitu cha gari isipokuwa mtu wa kukaa ndani yake. Kioo cha kushusha kijiweni nilikiona, yeye nilimwona kama abiria wa kupamba siti.

Kwa hiyo leo hii tunavyozungumza mpango umefufuka, ila kwa sura nyingine. Jumamosi tunarudi Tabata, sisi wawili pamoja na fundi. Mwenye gari anataka milioni nne na nusu, yaani zote. Mimi nampa tatu, asipotaka nitatafuta kingine kibovu zaidi kwa rangi na kizima zaidi kwa injini. Moja na nusu inayobaki haiguswi, hiyo ni ya kukivuta. Na saa nne usiku ninakuwa mlangoni kwa mwajiri wake, washkaji wanione wasinione.

Mjomba kasema atakuja kukikagua. Kaomba jambo moja tu: siku nikimpa lifti nimwite kwa jina lake, tena nimfungulie mlango.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.