Kuogelea Mbali Huanza na Pumzi

Mwanamichezo anayejiandaa kwa traiathloni yake ya kwanza, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, mara nyingi huogopa maji kuliko barabara. Katika mashindano mafupi humpasa kuogelea mita 750. Katika yale ya Olimpiki, yaliyoanza Sydney mwaka 2000, mita 1,500. Asiye na mazoezi huenda akachoka kabla ya mita 50, na mara nyingi si kwa udhaifu wa mikono, bali kwa kuzuia pumzi. Yafaa atoe pumzi taratibu uso ukiwa majini, ili ageuzapo kichwa avute hewa tu.

Haba na haba hujaza kibaba. Katika bwawa la mita 25, wiki ya kwanza avuke mara 8 kila siku ya mazoezi, akipumzika baada ya kila mara. Siku tatu kwa wiki zatosha. Kila wiki aongeze mara 2. Wiki ya 12 atavuka mara 30, ambazo ni mita 750. Wakati huo huo apunguze mapumziko: avuke mara mbili bila kusimama, kisha nne, mpaka asiyahitaji tena.

Ziwani hakuna ukuta wa kushika. Kwa hiyo, kabla ya mashindano, hana budi kujizoeza humo pia, mahali pasipo na mamba wala viboko, mashua ikiwa karibu. Jamaa zake wasimkubalie kwenda peke yake hata siku moja: maji hayamjui bingwa.