Askari na Imani Yake: Fundisho la Buta

Yako maneno yanayosikika mara kwa mara katika kambi zetu na katika vituo vya polisi, kwamba imani ni mali ya mwenye nafasi, na kwamba mtu akishavaa sare hana budi kuiacha dini yake langoni pamoja na nguo za kiraia. Sisi tunaoandika kutoka Kanyosha, ambako barabara iendayo Rumonge hupitisha wasafiri na mizigo usiku na mchana, hatukubaliani na maneno hayo hata kidogo. Tunadhani yalibuniwa na watu waliokuwa wakitafuta udhuru.

Ndugu askari, tuitazame Buta. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliivamia Seminari Ndogo ya Buta, huko Bururi. Waliingia katika bweni la wanafunzi wa madarasa ya juu, wakawaamuru wajitenge: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Vijana wale walikataa kutengana, na risasi na magruneti yakawaangukia wote pamoja. Waliokufa ni 40. Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa gombera wa seminari, alinusurika, na baadaye akaandika kitabu juu ya vijana wake.

Hebu tulipime jambo hili kwa makini. Hakuna aliyewaambia wamkane Kristo, wala hakuna aliyewataka wakanyage msalaba. Walichoombwa ni kidogo mno machoni pa dunia: hatua mbili au tatu kando ya kitanda. Wengine miongoni mwao wangeweza kuamini kwamba hatua hizo zingeokoa maisha yao. Hivyo ndivyo ushawishi wa dunia ufanyavyo kazi yake. Aghalabu haumjii mtu ukiwa umevaa pembe. Humjia kama agizo dogo, lenye faida iliyo dhahiri, tena wakati ambapo hakuna nafasi ya kufikiri. Asiyejiandaa mapema atakuwa amekwisha kupiga hatua kabla hajatambua ameombwa nini. Vijana wa Buta walikuwa wamejiandaa kwa sala, kwa mafungo, na kwa kuishi pamoja katika nyumba moja huku nchi nzima ikitengana.

Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua rasmi kesi ya kuwaombea watangazwe wenye heri, pamoja na Padri Michel Kayoya, aliyeuawa mwaka 1972, na wamisionari watatu kutoka Italia, mapadri wawili na mlei mmoja, waliouawa Buyengero mwaka 1995. Atakayeisoma orodha hiyo kwa utulivu ataona kwamba walioshika bunduki hawakuwa siku zote wa kundi moja. Mwaka 1972 walikuwa wamevaa sare ya Serikali. Tunalitaja hili si kwa kufukua makaburi, bali kwa sababu ukweli nusu haumfai askari.

Hapo ndipo hoja ya utii inapoingia. Tutaambiwa: mwanafunzi anaweza kukataa, lakini askari ameapa kutii. Ni kweli, na jeshi lisilo na utii ni genge. Lakini utii wa askari haukuwahi kuwa shimo lisilo na kitako. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza kumuua asiyeshiriki mapigano, na inakataza kuwabagua watu kwa rangi, dini au nasaba yao. Jeshi letu la leo, lililoundwa baada ya Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, halikubali kabila lolote lizidi nusu ya vikosi. Maana yake ni kwamba katika bweni moja hulala watoto wa wale waliopigana. Akiingia mtu usiku na kuwaambia watengane, swali la Buta litakuwa limehamia kambini.

Na wale mashahidi wa Uganda, waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, walikuwa nani? Hawakuwa waasi. Karoli Lwanga alikuwa mkuu wa vijana wahudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Waliitumikia ikulu kwa uaminifu, lakini lilikuwapo jambo ambalo hawakukubali kulitenda.

Yamkini wengi wetu hatutapimwa kwa moto. Tutapimwa kizuizini, saa nane ya usiku, dereva anaponyoosha mkono wenye noti iliyokunjwa. Injili ya Luka inasimulia kwamba askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia wavue sare. Aliwakataza kunyang'anya watu kwa nguvu, akawakataza kusingizia, akawataka waridhike na mshahara wao. Inastaajabisha jinsi alivyoyafahamu mambo ya kizuizini! Kwamba mshahara ni mdogo na ada ya shule haingoji, tunalijua sana, na hatutajifanya viziwi. Lakini noti ile hutoka katika mfuko wa mama muuza dagaa, ambaye mapato yake ni madogo kuliko mshahara huo.

Kisha kuna dhihaka, ambayo watu huidharau kwa kuwa haimwagi damu. Askari akikataa mgawo wa fedha ya kizuizini, au akipita kantini bila kuagiza chupa, huitwa mlokole, huitwa padri wa kikosi, na wenzake hunyamaza anapoingia. Tumewaona vijana hodari, wasiotetereka mbele ya risasi, wakishindwa na kicheko cha meza moja. Wakubwa wa vikosi wanaocheka pamoja na wachekaji wajue kwamba wanamvunja mtu ambaye siku ya hatari wangemhitaji kuliko wote.

Tungependekeza kwamba kila kundi la kuruta, kabla ya kupangiwa kituo cha kwanza, lipelekwe Buta. Kutoka hapa ni kufuata ziwa hadi Rumonge, kisha kuipanda milima hadi Bururi. Wasimame mbele ya makaburi yale 40 na wasomewe majina yote. Padri wa jeshi na shehe wafuatane nao, kwa sababu njiani wakati wa kurudi maswali yatakuwa mengi.