Uwanja ni Haki, Si Hisani

Mwaka 1992 Tanzania ilishiriki kwa mara ya kwanza Michezo ya Paralimpiki, yaani michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, iliyofanyika Barcelona, Hispania. Ilipeleka wanamichezo wawili. Mwaka 1996 na mwaka 2000 haikuonekana kabisa. Athens mwaka 2004 alikwenda mmoja. Beijing mwaka 2008, mmoja tena. Hata baada ya Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hakuna Mtanzania aliyekwisha kurudi na medali ya Paralimpiki.

Ndugu waamini wa Mshangano, ni rahisi kusema kwamba hayo ni mambo ya Dar es Salaam na ya Serikali. Sivyo. Uchache wa wanaopanda ndege hutokana na uchache wa watoto wanaotolewa nje ya nyumba zetu. Mwanamichezo wa namna hii hapatikani kwa siku moja. Kwanza sharti awe mtoto aliyepelekwa shuleni, akapata mwalimu asiyemwambia akae kivulini wenzake wanapokimbia. Kisha apate mashindano. Halafu apimwe na wataalamu wanaotambuliwa kimataifa, ili apangwe kundi moja na wenye ulemavu wa kiwango kinacholingana na chake. Na mara nyingi upimaji huo humlazimu kusafiri nje ya nchi. Mlolongo huo ukikatika mwanzoni, hakuna kamati ya taifa inayoweza kuuunga mwishoni.

Ni kweli kwamba nchi changa hupewa nafasi chache za mwaliko. Nafasi hizo ni njema, lakini zina hatari yake: taifa laweza kuridhika na mbeba bendera mmoja, likadhani limekwisha kutimiza wajibu.

Wapo wanaouliza: je, tudai michezo ilhali zahanati zina upungufu wa dawa? Swali hilo ni zito, wala halistahili kudharauliwa. Hata hivyo, tuwatazame jirani zetu wa Rwanda. Miaka kumi tu baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Jean de Dieu Nkundabera alipata medali ya shaba huko Athens katika mbio za meta 800. Miongoni mwa walioanzisha Kamati ya Paralimpiki ya nchi hiyo walikuwamo wanajeshi wa zamani wa pande mbili zilizopigana, waliokuja kucheza mpira wa wavu wa kukaa katika timu moja. Mwaka 2016 timu yao ya wanawake ya mchezo huo ilifika Rio de Janeiro. Rwanda haikungoja kutajirika kwanza. Nasi tunao ushahidi wetu: mwaka 2022 timu yetu ya soka ya watu waliokatwa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki, ingawa mchezo huo haumo katika Paralimpiki.

Jambo hili, tena, si la huruma. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataja michezo. Na mwaka uliofuata ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Naye Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu mwenye ulemavu ni mtu kamili mwenye haki zake. Basi tujihoji. Katika sikukuu zetu tunawaita ndugu hawa mbele kupokea sukari na sabuni. Je, alasiri mpira unapoanza, wanakuwa wapi?

Hatuna budi kuanza na yale tunayoyaweza. Kila jumuiya ndogo ndogo iwatambue watoto wenye ulemavu walio katika eneo lake, na iwashawishi wazazi wasiwafiche. Walimu wahakikishe kwamba watoto hao wanaingizwa katika mazoezi ya UMITASHUMTA, ambayo yana michezo kwa ajili yao. Halmashauri ya parokia itenge uwanja. Mpira wa wavu wa kukaa huhitaji eneo la meta 10 kwa 6, na wavu wenye kimo cha meta 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Kwa hayo hatuhitaji mfadhili. Na madiwani wetu wa Manispaa ya Songea wanapokuja kuomba kura, waulizwe waziwazi: katika bajeti ya michezo, fungu la watu wenye ulemavu ni kiasi gani?

Huenda mtoto wa Mshangano asifike Paralimpiki kamwe. Haki yake ya kucheza haitegemei medali. Lakini tukimnyima uwanja hapa nyumbani, tusiilaumu Serikali kwamba imepeleka mmoja.