Mama Nimemzika kwa Viza

Ndugu zangu wa nyumbani,

Huku Houston tu wazima, ila moyo haujatulia. Juzi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kijana mmoja ametuma sauti akisema sisi tuliochukua uraia wa nje tumeikana nchi, tusidai chochote. Niliisikiliza mara tatu. Kijana huyo ada yake ya sekondari nililipa mimi.

Nilipokuja Tanzania kumzika mama nilipanga foleni ya wageni, katikati ya watalii waliokuja kupanda mlima. Nikatoa dola 100 za viza. Kwenye fomu wanauliza sababu ya safari, nikaandika: kuzika. Afisa akaisoma, akaniambia, "Pole sana, dada," akagonga muhuri. Alikuwa muungwana. Kilichoniuma ni sheria.

Sheria ya Uraia ya 1995 inasema Mtanzania mtu mzima akipata uraia wa nchi nyingine kwa hiari, wa kwake unakoma. Msingi huo umetokana na uhuru. Mwaka 1961 taifa lilikuwa changa, na lilihitaji kujua nani wake. Nawaelewa wazee wa wakati ule. Lakini kumbukeni pia Oktoba ya mwaka huo, baadhi ya wabunge walipotaka uraia uangalie rangi ya ngozi. Mwalimu Nyerere alikataa, akawa tayari serikali yake ijiuzulu. Kwake kipimo kilikuwa utii kwa nchi.

Basi tupimeni kwa kipimo hicho hicho! Nani analipa bili ya hospitali mjomba akilazwa? Nani alichangia mabati ya zahanati? Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi zaidi ya 160,000, waliokuja tangu 1972. Nilijivunia nikawasimulia wenzangu kazini. Nchi yenye moyo wa kumfanya mgeni kuwa mwana inashindwaje kubaki na mwana iliyemzaa?

Mnasema serikali imetupa hadhi maalumu sisi tuliochukua uraia wa nje. Ahsanteni, lakini hadhi si uraia. Ninachoomba ni kifungu kimoja: Mtanzania wa kuzaliwa asipoteze uraia kwa kuchukua mwingine. Mkihofia utii uliogawanyika, tuzuieni urais, uwaziri na uongozi wa majeshi. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010 na ikawazuia viongozi wa dola kuwa nao. Vukeni hapo mpakani Holili muwaulize Wakenya kama nchi yao imeuzwa.

Najua mtakachosema: hakuna aliyenifukuza. Ni kweli. Niliondoka mwenyewe, na uraia wa huku niliuapia kwa mkono wangu, kwa sababu ya kazi na watoto. Mama alipokuwa akiita jina langu usiku, aliyemgeuza kitandani ni mdogo wangu, si mimi. Mimi nilikuwa wodini nikigeuza mama za watu. Deni hilo hakuna fedha ya simu inayolilipa, nami sitajitetea. Lakini anayekosea kwa kwenda mbali huitwa nyumbani. Hafutwi kwenye daftari la ukoo.

Mbunge akija kuomba kura, msimwache aondoke na pilau tu. Mwulizeni mbele ya watu: mtoto wetu wa kuzaliwa akibaki Mtanzania, nchi inapungukiwa nini? Asipokuwa na jibu, mpeni kazi ya kuubadili huo mstari wa sheria.

Kaburi la mama liko Same. Nimewaambia wanangu na langu lichimbwe hapo hapo. Nisaidieni nilifikie nikiwa mwenyeji.

Dada yenu,
Houston