Malipo ya pamba: Kurudia bila namba ni hasara

MSIMU wa pamba mkoani Mara hauishii kwenye mizani. Kwa mkulima wa Bunda au Butiama, msimu huisha siku fedha zinapoingia mkononi, na siku hizi safari ya fedha hizo inazidi kupitia kwenye simu na kompyuta.

Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, wengi waliiona kuwa njia ya kutumiana nauli na karo. Leo huduma za aina hiyo hulipia mazao, dagaa wa Musoma, pembejeo na marejesho ya mikopo. Chama cha ushirika cha msingi (AMCOS) kinapotaka kuwalipa wakulima 300 kwa simu, karani halazimiki kutuma kwa mmoja mmoja. Huingiza orodha, hubonyeza mara moja, kisha programu huendelea yenyewe, jina baada ya jina, huku yeye akifanya mengine.

Tatizo huanza pale baadhi ya malipo yanapokwama. Mtandao hukatika, umeme hupotea au kompyuta ya upande wa pili huzidiwa. Hapo programu nyingi hujaribu tena bila kuamriwa. Sidekiq, inayotumiwa na watengenezaji wengi duniani kuendesha kazi za namna hii, isipoelekezwa vinginevyo hurudia kazi iliyoshindikana hadi mara 25 kwa takribani wiki tatu.

Palipo na mtandao wa kusuasua, utaratibu huo ni neema. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Katika siku kama hizo, bila programu kurudia yenyewe, karani angekesha akitafuta nani kalipwa na nani bado.

Hata hivyo, kushindikana kwa malipo si kwa aina moja, na hapo ndipo hasara inapojificha.

Aina ya kwanza ni ombi ambalo halikufika kabisa. Kulirudia ni sahihi. Ya pili ni namba ya simu iliyokosewa. Hata ikirudiwa mara 25 haitapokea, na mkulima atazidi kusubiri huku akiambiwa mtandao unasumbua. Ya tatu ndiyo ya hatari: ombi limefika, fedha zimeingia, lakini jibu limepotea njiani. Programu ikilirudia kama ombi jipya, mkulima analipwa mara mbili.

Kwa mfano, kama kati ya wakulima hao 300 wako 12 wa aina ya tatu, kila mmoja akidai Sh200,000, kurudia mara moja tu kunaondoa Sh2.4 milioni kwenye akaunti ya chama. Fedha hizo si za karani wala za mtengenezaji wa programu. Ni za wanachama ambao majina yao yako chini ya orodha. Kuzirejesha kutoka kwa mtu aliyekwishanunua mahindi na kulipa ada si kazi rahisi, na karani anaweza kuitwa mwizi kwa kosa la mashine.

Dawa yake inafahamika hata kwa asiyejua kompyuta. Tarakimu 20 za LUKU ukiziingiza mara ya pili, mita inazikataa kwa sababu inatambua zimekwishatumika. Ndiyo maana mwenye shaka hujaribu tena bila woga. Malipo ya mkulima nayo yanahitaji namba yake, itolewe mara moja pamba inapopimwa na iambatane na ombi kila linaporudiwa. Upande unaolipa uweze kujibu kuwa hiyo imekwishalipwa. Namba ikibadilika kwa kila jaribio, haina kazi.

Suala jingine ni mwendo. Mtandao unaporejea, programu zote zikikimbilia kwa pamoja hukwama tena, kama abiria wa kivuko cha Mwigobero wakisukumana mlangoni. Mtandao wa redio wa ALOHA wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ulioanza kazi mwaka 1971, ulitatua hilo kwa kuvifanya vituo ambavyo ujumbe wao umegongana visubiri muda usiolingana kabla ya kutuma upya. Programu nzuri hufanya hivyo, na kila inaposhindwa husubiri zaidi.

Aidha, lazima kuwe na kikomo. Jaribio la mwisho likishindikana, jina la mkulima liende kwenye orodha inayosomwa na mtu kila siku, lisipotelee ndani ya mashine.

Viongozi wa vyama wanaponunua programu, ni vyema wasiishie kuuliza bei na risiti. Waulize inarudia mara ngapi, kwa kusubiri muda gani, inatambuaje malipo yaliyokwishafanyika, na yaliyoshindikana kabisa yanakwenda wapi. Kisha wadai jaribio la vitendo: malipo ya Sh1,000 yatumwe, mtandao ukatwe katikati, urudishwe, na hesabu zikaguliwe. Mwanachama ana haki ya kudai jaribio hilo kwenye mkutano mkuu, kabla kilo ya kwanza haijapimwa.